Kompyuta Kutoka Thesaloniki

Ilifika kwa basi dogo, imeviringishwa ndani ya sweta,
katikati ya miche ya sabuni na dumu la mafuta ya zeituni,
kibodi ya Kigiriki, bawaba moja imekatika.
Lamzira alibandika kikaratasi: Ya Tekle, asomee.
Mfumo uliokuwamo ulikohoa, ukadai leseni, ukalala.
Nikaitwa mimi, Ucha, fundi wa lifti, ghorofa ya tisa,
kwa kuwa katika jengo zima hapa Kutaisi
ni mimi tu mwenye bisibisi ndogo.

Lifti yetu hula sarafu. Asiye na sarafu hupanda ngazi.
Labda ndiyo sababu napenda mfumo usiotoza kitu mlangoni:
chukua, fungua, chungulia hadi utumbo,
ukiharibu, umejiharibia.
Nikautia kwenye flashi. Nikasema: nusu saa.

Nusu saa! Bibi Nazibrola alioka mkate wa jibini,
tukaula ukaisha, akaoka mwingine.
Feni ilizunguka, diski ilikwaruza,
na kioo kikawa cheusi tititi.
Nikawasha, nikazima, nikawasha.
“Nimeiua,” nikasema.
“Ulisema hivyo hivyo kuhusu lifti,” bibi akajibu, “mwezi wa tatu.
Na lifti ilikuwa nzima, ila wewe ulikuwa umechoka.”

Kisha umeme ukakatika mtaa mzima.
Tekle akaja na tochi, anatafuta kiatu chini ya meza,
mwanga ukakipiga kioo kimshazari.
“Mjomba, mbona humu mna maandishi?”
Nikainama. Yalikuwamo.
Hafifu, kama mwandiko uliofutwa ubaoni kwa kiganja:
Karibu. Chagua lugha.
Alikuwa ananikaribisha tangu saa kumi, mimi namwita maiti.
Picha ilikuwapo; kilichokosekana ni taa ya nyuma yake,
mfumo ulikuwa umeshika swichi isiyo yake.
Basi mtoto akamulika, nikaandika,
neno moja tu kwenye mstari wa kuwashia,
na kioo kikapambazuka, tukafumba macho.

Bado waifai.
Nikaiambia mashine: taja viungo vyako.
Ikavitaja kimoja kimoja kwa jina,
ilipofika kwenye kadi ya waifai ikatoa nambari,
14e4:4315, kama mfungwa anayeitwa gwarideni.
Kadi ilitaka programu dhibiti yake.
Programu imo mtandaoni.
Mtandao unaitaka kadi.
Ufunguo wa sanduku umefungiwa sandukuni!
Tukaazima njia kwa waya, kupitia simu ya bibi yenye ufa,
bando la lari tano, naye amesimama juu yangu
akizihesabu megabaiti kama mtu anayemiminiwa maziwa.

Mahali fulani, sijui ni nchi gani,
mtu alikesha na kadi kama hii hii,
waliyoiunda wamemnyima maelezo,
akaipapasa gizani hadi akaijua,
kisha akaiacha njia wazi nyuma yake,
bila kutoboa tundu la sarafu.
Simjui jina. Nilimmegea kipande cha mkate,
nikakila kwa niaba yake.

Saa nne usiku umeme ukarudi, Lamzira akapokea.
Akatutazama. Akaziba mdomo.
Kamera ilikuwa inatupindua:
Tekle ananing'inia kama popo,
bibi juu chini, meza imeganda darini.
“Mwanangu amekuwa mrefu,” Lamzira akasema,
“miguu sijui inaishia wapi,”
akaigeuza simu yake, naye akaning'inia,
na nyuma yake yule ajuza wa Kigiriki anayemuuguza,
kitandani, juu chini, akauliza kitu tusichokielewa.
Nazibrola alikuwa amelaza shavu mezani
ili amwone binti yake wima.

Dawa yake naijua. Ni mstari mmoja.
Tekle akanishika mkono: “Usiiguse kwanza.”
Sikuigusa.
Nikafunga bisibisi kwenye kitambaa, nikaaga,
nikapanda ngazi hadi ya tisa.
Mfukoni sikuwa na sarafu.